Mkate wa Kumwona Mgonjwa

Sindano ya cherehani ilipita katika kidole cha Gachoki ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kukanyaga. Aliyeona ni Muchangi, mwenye hoteli ya jirani, aliyekuwa amemletea chai.

“Fundi,” Muchangi alisema, “ni shule gani hiyo yenye mashati mekundu?”

Gachoki alitazama shati jeupe la mwanafunzi lililokuwa chini ya sindano, akaona damu, kisha akakitazama kidole chake kama kidole cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa kwenye benchi barazani pake, nikisubiri suruali yangu itiwe kiraka. Hakulia wala hakukivuta kidole. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, “Mbona sikusikia?” Muchangi aliweka chai mezani na mandazi mawili kando yake, kama kila asubuhi.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita, pale soko la Kanja. Gachoki alikuwa amezaliwa hapo hapo, akalelewa kwa uji wa wimbi na nduma kama sisi wote. Ujana wake aliupeleka Majengo, Meru, kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa kushona kanzu, na huko akazoea chai na chapati. Aliporudi na cherehani yake hakutaka tena kusikia habari za wimbi. Simlaumu peke yake. Wakati huo tulikuwa tumeshang'oa wimbi tukapanda kahawa, na vijukwaa walivyosimamia watoto kufukuza ndege mashambani vilikuwa vimeshaliwa na mchwa. Aliyekunywa uji mbele ya wageni alionekana hana kitu. Mkate ndio uliokuwa chakula cha watu walioendelea.

Ugonjwa ulianza vidoleni mwa miguu, muda mrefu kabla ya siku ya sindano. Alisema ni kama amekanyaga makaa, na makaa hayazimiki. Usiku blanketi likimgusa alishtuka. Kisha ule moto ulipopanda hadi magotini, vidole vyenyewe vikafa ganzi. Aliweza kuvua kiatu akakuta jiwe ndani na unyayo umechubuka, asijue lilimwingia wapi. Tumbo nalo lilikuwa likimsumbua tangu zamani, likimwendesha na kumjaza gesi, na sasa alikuwa amekonda hata suruali alizojishonea mwenyewe akazikunja kiunoni kwa kamba.

Miaka hiyo mtu akikonda hivyo, watu hawakuuliza. Walinong'ona jina la ugonjwa ule na kuhesabu ni mara ngapi alienda Meru. Waliompenda zaidi walinong'ona mengine: kwamba amerogwa na shemeji yake Nelius, mke wa kaka yake, ambaye alikuwa amegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Gachoki aliyasikia yote mawili akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kushonea. Alipimwa damu, ikatoka safi. Zahanati ilimpa dawa za malaria, kisha za minyoo, kisha vidonge vya kutuliza maumivu. Moto ulibaki palepale.

“Mikono nayo ikifa kabisa,” aliniambia siku moja, akiokota kifungo kilichokuwa kikimponyoka vidoleni, “nitakula nini, mzee? Na nani atanibeba?”

Nimesoma vitabu vingi bila mwalimu, lakini chenye jibu la hayo sikuwa nimekisoma.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Zamani ulimpelekea kibuyu cha uji. Siku hizo mtu mwenye heshima alibeba mkate wa dukani, na kadiri mgonjwa alivyozidiwa ndivyo mikate ilivyoongezeka. Kikundi cha maombi kilileta mikate. Wateja walileta mikate. Mkewe Karimi aliifungia kabatini asije mtoto akaigusa, akamkatia mumewe vipande vinene asubuhi na mchana, na jioni akampikia chapati. Watoto walikula viazi. Kila aliyemhurumia alimlisha, na Gachoki alikula yote kwa shukrani, kisha akazidi kuungua.

Mwishowe Karimi alimpeleka hospitali mjini Embu. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa amesomea ng'ambo. Alimgonga magoti kwa kinyundo kidogo, magoti yakatulia tu. Akamwambia afumbe macho na aseme akisikia maumivu, kisha akamchoma vidole vya miguu kwa pini. Gachoki alingoja, akangoja, hata akauliza daktari ataanza lini.

“Nimeshamaliza,” daktari alisema.

Karimi ndiye aliyenisimulia hayo, na alisema hapo mumewe aliinama akaitazama miguu yake.

Daktari akauliza anakula nini. Karimi akajibu upesi, akidhani analaumiwa. “Mimi simlishi vibaya, daktari. Mkate asubuhi, mkate mchana, chapati jioni. Hata watoto hawavigusi.”

Daktari akasema kuna ugonjwa wa utumbo, unaitwa siliaki, ambao hufanya mwili uipige vita ngano, na katika vita hivyo wakati mwingine mishipa ya fahamu huumia. “Niliuona nilikosoma. Hapa sijauona, na kipimo chake hatuna. Sina hakika. Lakini acha ngano kabisa. Mkate, chapati, mandazi, hata kipande. Bia pia.”

“Miguu itarudi?”

“Ikiwa tumewahi. Na pengine si yote.”

Karimi alikwenda kwa mama yake kutafuta wimbi, maana sokoni Kanja lilikuwa adimu. Gachoki akarudia uji na nduma na ugali wa mahindi. Tumbo lilitulia kwanza. Miguu iliendelea kuwaka, ila alianza kupata usingizi, na siku moja aliniita nimwone akiokota kifungo mara ya kwanza bila kukiangusha.

Ndipo Nelius alipokuja. Alikuja mchana wa Jumapili, wageni wengine wakiwamo, na mkate umefungwa kwenye leso. Aliukata yeye mwenyewe, akaweka kipande mkononi mwa shemeji yake.

“Kula, Baba Rwamba,” alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. “Au na wewe unaamini wanayoyasema?”

Watu wote waliacha kunywa chai. Kwetu kukikataa chakula cha mtu anayesemwa hivyo ni kumwambia mbele ya mashahidi kwamba ni mchawi. Gachoki alimtazama Karimi, akautazama mkate, akala. Nelius akamwongeza kipande. Akala tena.

Ndani ya wiki hiyo moto ulirudi na kupita magoti. Asubuhi moja alisimama kutoka kitandani akaanguka, kwa sababu hakujua miguu yake ilikuwa wapi. Nilimkuta kwenye mkeka, macho makavu, akijipapasa mapaja kwenda chini kutafuta mahali ambapo hisia zinaishia. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa namna ile.

Nelius aliposikia alirudi, na mkate mwingine. Safari hii Gachoki hakuupokea. Alimweleza habari za ngano, na za daktari, na za kinyundo. Nelius alimsikiliza hadi mwisho.

“Mkate wa kikundi cha maombi uliula mwaka mzima,” alisema. “Wangu ndio wenye ugonjwa.”

“Shemeji, hata wa kikundi siuli tena.”

“Waambie hivyo basi. Mimi wameshanihukumu.”

Alifunga mkate wake katika leso akatoka. Hakukanyaga boma hilo tena, na maneno ya uchawi yanamfuata hadi leo, kwa kuwa Kanja nzima ilijua mkate wake umekataliwa. Angeleta kibuyu cha uji kama mama zetu, wangekuwa wanasalimiana leo. Lakini uji aliuonea aibu.

Gachoki bado anashona. Anatembea na fimbo, na kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikurudiwa na hisia. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, huvua viatu barazani, akachukua sindano ya mkono, akajichoma vidole vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, polepole, akiwa amefumba macho. Muchangi humletea chai tupu na kusimama kando bila kusema utani wowote. Gachoki akikunja uso kwa maumivu mpaka kidole cha mwisho, huvaa viatu na kuanza kazi.