Picha ya Kupeleka Migodini

Mpiga picha wa Mbalizi hakugusa kamera kabla hajamtengeneza mtu. Alikupa maji unawe, akakupaka mafuta usoni kwa kidole gumba, akakuuliza kama umekula, maana mwenye njaa, alisema, hutoka kama mgonjwa. Mwaka hamsini na nne alikuja Mama Jailos, kichwa kimenyolewa kwa msiba wa mumewe. Picha ilikuwa ya kumpelekea Jailos migodini Afrika Kusini, naye msiba hajausikia. Fundi akachukua kitambaa amfunge kichwani, apendeze.

“Acha, baba,” mama akamshika mkono. “Barua imenishinda. Jailos akiona kichwa, atajua.”

Fundi akakikunja kitambaa, akajifunika nguo nyeusi ya kamera, akakaa humo muda mrefu kuliko kazi yenyewe.