Nilivyowabadilishia Chaza Maji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hutabasamu kidogo na kuona haya kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini, napika katika hoteli ndogo upande wa Port Bell, bandari ya Kampala ziwani. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Shali, mtu wa Mombasa. Kulikuwa na arusi Jumapili iliyokuwa inakuja, na bwana arusi alitaka chaza. Mzee akawaagiza kwao Mombasa, wakaja wazima ndani ya magunia mabichi, pamoja na jerikeni za maji ya bahari. Aliwaweka katika tangi la kioo karibu na karo la vyombo. Sisi tuliozoea ngege na sangara, samaki wa ziwani, tuliwatazama kama wageni.

Jumatatu Mzee alipata msiba Jinja. Akaniambia, "Usiwaguse mpaka nirudi."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Niliona maji yana ukungu, nikatamani kusifiwa. Nikayamwaga yote, nikajaza ya bomba, nikatia konzi mbili za chumvi, nikaonja kama mtu anayeonja mchuzi. Chaza wakafumba magamba yao wote. Nikasema moyoni, wametulia, wamependa usafi. Siku tatu niliwapita nikiwa na furaha yangu.

Alhamisi Mzee alirudi, akakuta baadhi wameachama. Aliwagonga kwa kidole, hawakufumba. Akachovya kidole majini, akakilamba.

"Nani amebadilisha maji haya?"

Nikanyamaza. Meneja wa hoteli, aliyekuwa ameingia na Mzee, akamgeukia Furaha, mama wa Kikongo aliyekuwa akiosha vyombo pale, hajamaliza hata miezi miwili Kampala.

"Si miye," alisema Furaha, kisha hakusema tena.

"Aliyenyamaza anajua," meneja akasema. "Vua aproni, uende."

Furaha aliivua, akaikunja taratibu kana kwamba ni nguo ya mtoto. Mwanangu, nilitazama ile mikono ikikunja, nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema.

Meneja alifura, lakini Mzee Shali alimwomba atuachie jiko. Akamrudishia Furaha aproni, akanivutia kiti karibu na tangi. Hakupandisha sauti.

"Chaza akifumba hivi hajatulia, binti yangu. Amebana pumzi. Chumvi ikipungua ghafla, maji humwingia mwilini yakamvimbisha, basi hujifungia ndani na kula akiba yake. Akiba ikiisha, huachama akafa. Hupiga kelele gani? Hana. Na huyu mwenzako umemwacha abane pumzi mbele ya macho yako, ukaita ni utulivu."

Nilimgeukia Furaha nikamwomba radhi, nikilia.

"Sasa fanya kazi," Mzee akasema. Jerikeni mbili za maji ya bahari zilikuwa zimebaki. Nikadhani tutazimimina mara moja, akanishika mkono. "Ukiwarudisha kwa pupa utawaumiza mara ya pili. Kikombe kimoja, ungoje."

Tulifanya hivyo tangu adhuhuri mpaka jua likapoa, tukichota maji ya zamani na kuongeza mapya. Furaha, bila kuitwa, alichukua kikombe cha pili akasimama upande wangu. Alfajiri ya Ijumaa nilipofika kazini, chaza wapatao nusu walikuwa wamefungua magamba kidogo, na nilipowagonga wakafumba. Sijawahi kufurahia kufungiwa mlango namna ile.

Arusini chaza hawakutosha, tukaongeza ngege wa kukaanga, na wageni walikula hao wakasahau chaza. Furaha sasa anauza vitenge soko la Owino, na wajukuu wake hunijia hapa Nateete kula kwangu kama kwao.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa usichokijua, uliza kabla ya kukitengeneza. Ukimwona mtu kimya, mgeni hasa, usiharakishe kusema ameridhika au ana hatia. Jongea umuulize hali. Ukikosa, sema mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine humuumbua jirani kwanza. Na ukirekebisha, rekebisha polepole.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe na watu wa kusimama upande wako siku hiyo. Amina.