Kilo za Evalina

Mwaka 2005 Evalina alikuwa na kilo thelathini na sita, na anaukumbuka uzito huo kuliko anavyoikumbuka tarehe ya ndoa yake. Alipimwa hospitalini Mwanza, amevaa khanga mbili na sweta la kaka yake. Muuguzi akamwambia alivue sweta, linamwongezea.

Mumewe Jeremia alikuwa amezikwa miezi saba kabla. Mtoto wao wa pekee, Sayi, alikuwa na miaka tisa. Nyumbani Lamadi, Evalina alikuwa ameshaanza kugawa vyombo vyake, maana hakutaka watu waje kuvigombania msibani. Meza alimpa jirani, na sufuria kubwa ya kupikia shughuli akampa wifi yake Nyanjige, dada wa marehemu. Kitenge cha kuzikiwa alikikunja akakiweka chini ya mto.

Kisha akaanzishiwa dawa. Enzi hizo dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutolewa bure, na zile za mwanzo zilikuwa na vituko vyake. Nyayo zilimwaka kama amekanyaga majivu ya moto. Alimeza hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu akaomba wali. Mwezi wa tano akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa Nyanjige kudai sufuria.

"Wifi, si ulinipa?" Nyanjige alisema, mwiko mkononi.

"Nilikupa nikiwa nakufa. Sasa sifi. Lete."

Nyanjige akaitazama sufuria. Ilikuwa jikoni, maharage yanatokota ndani yake.

"Basi ngoja yaive."

Yakaiva, wakayala pamoja, sufuria ikasuguliwa na kurudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyenuna. Nyanjige mwenyewe ndiye anayeisimulia hadithi hiyo kila penye harusi, na kila mwaka maharage yanazidi kuwa mengi.

Kaka yake Evalina, Kasmiri, alikuwa mpima pamba kwenye kituo cha kununulia Kiloleli. Msimu uliofuata dada yake alipomtembelea, alimpandisha kwenye mzani, mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni na marobota yao, akatangaza kwa sauti ile ile anayotangazia pamba: "Hamsini na moja! Safi, haina maji!" Watu wakapiga makofi. Wengi wao walimwona mwaka uliotangulia akishushwa kwenye gari kama mtoto. Kuanzia hapo ikawa desturi. Hamsini na moja, hamsini na tisa, sitini na sita. Kasmiri alistaafu, mzani ukapelekwa kwingine, lakini kilo za Evalina ziliendelea kuja bila kutangazwa.

Alirudi kwenye biashara yake ya dagaa. Alinunua mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akaanika kwenye vichanja, akauza kwa wachuuzi wa Bariadi, Maswa na hata Lalago. Dawa nazo zilibadilika, zikawa kidonge kimoja kwa siku. Safari za Mwanza zikaisha, kliniki ikasogea hapo hapo Lamadi, na akawa anapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Kila alipopimwa wingi wa virusi, jibu lilikuwa lile lile: havionekani. Alikuwa na majibu ya hivyo ya miaka mingi, ameyaweka pamoja na cheti cha ubatizo cha Sayi.

Kwa hiyo mwaka jana, alipopanda mzani wa kliniki ukasoma tisini na nne, Evalina alishuka akitabasamu. Muuguzi, binti mmoja aitwaye Joyness, hakutabasamu. Alimfunga kifaa cha presha mkononi, akasoma, akasubiri, akapima tena.

"Mama Sayi, presha yako ni mia moja sabini na nane kwa mia moja na sita. Hii ni kubwa."

"Nilikuja naharakisha, mwanangu. Jua kali."

"Umekaa hapo nje saa nzima. Nimekuona unakula karanga."

Akamweleza taratibu. Virusi vimekaa kimya, na hongera kwa hilo. Lakini mtu aliyeishi navyo miaka karibu ishirini, sasa anaingia utu uzima, moyo na mishipa yake vinataka kuangaliwa zaidi kuliko vya mwingine. Akampa dawa ya presha ya kumeza kila siku. Chumvi apunguze, mafuta apunguze.

"Na uzito nao, mama. Tukishusha kilo kumi hivi, itasaidia sana."

Hapo Evalina akasimama.

"Kilo zangu? Joyness, wewe ulikuwa wapi mwaka 2005?"

"Nilikuwa chekechea."

"Ndiyo maana. Hizi kilo nimezitafuta moja moja. Nikikonda, watu wa Lamadi watasema nini? Watasema ugonjwa umerudi. Kidonge nipe, kilo niachie."

Kidonge akakichukua, lakini akawa anakimeza siku kichwa kinapouma tu. Kile cha virusi hajawahi kukiruka hata siku moja, anakimeza saa mbili usiku taarifa ya habari inapoanza. Hiki cha presha alikiona kama cha maumivu: pasipo maumivu, cha nini? Dagaa wa kukaanga waliendelea, na kachumbari yenye chumvi ya kutosha.

Ilikuwa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, yuko mwaloni na rafiki yake Mektilda wakigeuza dagaa kichanjani. Mektilda ni mjane mwenzake, wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mitano, na hajawahi kumwona Evalina amenyamaza kwa muda mrefu. Siku hiyo alinyamaza. Mektilda akageuka. Evalina alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto kama mali ya mtu mwingine. Dagaa walikuwa wanamdondoka vidoleni.

"Una nini?"

Evalina akajibu, lakini maneno yalitoka yamelowa, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Mektilda hakuuliza swali la pili. Alipiga kelele mpaka bajaji iliyokuwa inapakia samaki ikashusha samaki. Wakampakia mwanamke wa kilo tisini na nne, watu wanne, wawili kila upande. Njiani Mektilda alimshika ule mkono uliolegea akamwongelesha Kisukuma mfululizo, mambo ya utotoni, mambo ya mvua, chochote. Evalina alisikia kila kitu na hakuweza kujibu. Anasema hakuogopa hivyo hata mwaka wa kitenge. Wakati ule alikuwa amechoka na yuko tayari. Safari hii hakuwa tayari hata kidogo. Alikuwa na dagaa nje na mawingu yanakuja.

Bahati ilikuwa upande wake. Kabla ya saa sita mdomo ulikuwa umenyooka, na jioni mkono ulishika kikombe. Daktari wa hospitali ya wilaya alikopelekwa alimwambia kilikuwa kiharusi kidogo, kimepita, na kikubwa huwa kinakuja nyuma yake kama hakuna kinachobadilika. Joyness alikuja kumwona akiwa na nguo za nyumbani. Hakumkaripia. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda.

"Hiki cha presha nacho ni cha kila siku?" Evalina akauliza.

"Kila siku."

"Hata nikijisikia mzima?"

"Hasa ukijisikia mzima. Kama kile kingine."

"Sasa ungeniambia hivyo tangu mwanzo, kama kile kingine, ningekuelewa."

Basi vikawa viwili, saa mbili usiku, habari zinapoanza. Dagaa akaanza kuwachemsha na nyanya badala ya kuwakaanga, chumvi akampa Mektilda amfichie. Na alfajiri, kabla ya mwalo kuchangamka, wakawa wanatembea wawili hao kando ya ziwa hadi kwenye mawe na kurudi. Wiki ya kwanza Evalina alipumzika mara sita. Mwezi wa tatu wa matembezi, yeye ndiye aliyekuwa anamsubiri Mektilda.

Kilo zikaondoka. Tisini, themanini na saba, themanini na tatu. Magauni yakalegea, na watu, kama alivyojua, wakaanza. Kwanza ilikuwa "umepungua, dada," kwa sauti ya huruma. Kisha mwanamke mmoja mgeni pale mwaloni akamwambia mteja, Evalina akisikia, kwamba yule mama maskini hali yake si nzuri. Jioni hiyo Evalina alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akayashika mashavu. Alitaka kukaanga kitu. Aliweka mafuta kikaangoni, akayatazama, akayarudisha kwenye chupa.

Asubuhi alimfuata yule mwanamke, akamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka. Nasikia unaniombea."

Mwanamke akababaika.

"Usiache. Ila omba vizuri. Virusi ninavyo tangu hujahamia hapa, vimelala. Ninachohangaika nacho ni presha. Taja presha."

Mwaloni watu walicheka mpaka mchana, na yule mwanamke baadaye akaja kuuliza kwa sauti ndogo hiyo presha inapimwa wapi.

Aliyebaki ni Sayi. Yeye sasa ni fundi wa pikipiki Bariadi, ana mke na mtoto, na mama yake hakuwa amemwambia kila kitu, asimsumbue. Nyanjige ndiye aliyeharibu. Alipiga picha kwenye kipaimara, akaituma kwenye kundi la familia, na Evalina yuko pembeni, shingo ndefu, gauni linaning'inia. Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Sayi alikuwa mlangoni na ovaroli lenye grisi. Hakusalimia.

"Mama, umeacha dawa?"

"Ingia kwanza."

"Nijibu. Umeacha?"

Evalina akamwona: mwanamume wa miaka ishirini na nane, ndevu, na macho yale ya miaka tisa yaliyokuwa yakimchungulia mlangoni kuona kama bado anapumua. Hapo ndipo alipoelewa kwamba zile kilo hakuwa akizibeba peke yake. Akamkalisha. Akaleta makaratasi yake yote, akamwekea mezani: havionekani, havionekani, havionekani. Kisha daftari la presha, kuanzia ile mia moja sabini na nane hadi ya juzi, mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Akamweleza mkono, mdomo, bajaji.

Sayi alisoma kila karatasi, akirudi nyuma na kuanza upya. Alipomaliza akaweka uso kwenye viganja, akalia.

"Ng'wanawane, mwanangu," Evalina alisema, "nimekonda kwa makusudi. Nilikosea kukuficha."

"Usirudie, mama."

"Sirudii."

Akamwandalia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa. Sayi akala akiwa amesimama, kisha akampigia simu mkewe, kisha akalala kwenye kochi la mama yake mpaka saa tisa.

Evalina sasa ana kilo themanini na moja, na Joyness anasema hapo panatosha. Matembezi hayajaisha. Siku hizi wanatoka wanawake saba kwa jumla, yule mgeni akiwemo. Wiki mbili zilizopita walikunja kona karibu na mawe wakamkuta kiboko amesimama njiani, amechelewa kurudi majini, anatafuna. Mektilda anaapa kwamba Evalina alipandisha khanga magotini, akageuka, akakimbia moja kwa moja hadi barabara ya lami bila kupumzika hata mara moja. Wenzake walimkuta ameketi kwenye kibanda cha chai, anahema, ameshaagiza vikombe saba visivyo na sukari.