Droni Juu ya Ngoma ya Baba

Mimi na dada mmoja tunapiga video za harusi pale Mkolani, na hatujawahi kukubaliana namna ya kupiga ngoma. Yeye huweka kamera mbali, kwenye stendi, akaiacha hapo kama mtu aliyekuja kutazama. Mimi huingia katikati, nikafuata nyayo, vidole, jasho. Nilikuwa namtania kwamba video zake ni za kamera ya ulinzi. Siku hizi nimenyamaza.

Mavuno yalipokwisha, baba aliniomba nirekodi ngoma yao, nami nikaenda na yule dada na stendi yake. Baba ni manju. Ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo za kundi, na vijana wa kundi walishaanza kunong'ona kwamba amechoka. Siku hiyo wangeshindana na kundi jingine. Kwetu ngoma haina jaji wa kukaa mezani. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, watu huhamia kwa anayewapendeza, na mwenye watu ndiye mshindi. Baba akishindwa, angeachia umanju.

Kanuni hiyo ya watu kuhama naijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa na droni mpya, na kichwa kilijaa picha tu. Nikairusha juu ya baba. Watu wakamiminika upande wetu wakishangilia, nami nikajiona fundi kweli kweli. Baba akashinda, akabebwa juu juu.

Jumapili tukakaa sebuleni kwake, Kiseke, kuangalia filamu. Zikapita nyayo za baba, mkono wa baba, na wazee wawili wa kundi wakapiga makofi. Kisha ikaja picha ya kutoka angani. Uwanja mzima ulikuwa nyuso. Watu walikuwa wanacheka na kuipungia droni.

Makofi yakakoma. Baba akamgeukia mwenzangu. "Binti, hebu weka na ya kwako."

Ya kwake haikukatwa popote. Watu wamejaa upande wa wapinzani, wametulia. Droni inapaa. Wanakimbia kuja kwetu, wanasimama wakitazama juu, wengine wamempa baba mgongo, naye anaimba kwa nguvu zake zote.

"Kumbe hawakuja kwangu," baba alisema.

Natamani angenigombeza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye alivaa viatu tu, akaniambia nimpeleke kwa manju wa kundi lile jingine, na huko akaomba ngoma irudiwe. Alieleza kila kitu mwenyewe, nami nimesimama nyuma yake kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hakusema ni kosa la nani.

Wakarudia, bila kamera. Kabla ya kuanza, baba alinivuta pembeni.

"Ukiona wenzetu wanacheza vizuri zaidi, hama. Usinionee huruma."

Baba aliimba vizuri. Wale waliimba vizuri zaidi, na hilo hata mimi nililisikia. Watu wakaanza kuondoka kidogo kidogo, mama naye akaenda zake huku akijifanya anatafuta kivuli. Mimi nikabaki, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Nilidhani angalau hapo namsaidia.

Baba alinikazia macho. Bila kukatisha wimbo, akanyoosha fimbo yake kuelekea upande wa pili.

Nikahama.