Tableti Isiyomsikia Mitchell

Mwalimu Naliaka ana kichwa kigumu, na anayesema hivyo ni mimi Wangechi, jirani yake. Darasa langu na lake yametenganishwa na mabati tu. Alitoka Bungoma akaja kufundisha hapa mtaani Landless, Thika, na tangu aje sijawahi kumwona akiacha kitu nusu. Ukimwambia, "Wewe Naliaka, hiyo wachana nayo," ndio umemwongezea moto.

Shule ilipoletewa tableti za kusomea, aliyepewa kuzisimamia ni yeye. Mtoto anasoma hadithi kwa sauti, tableti inasikiliza, halafu inampa alama. Kitu kizuri. Shida ni kwamba mwanzoni hazikusikia mtu. Watoto walisoma kwa makelele mpaka wanafunzi wangu wakashindwa kuhesabu, na kwenye kioo ni maneno yale yale: "Hatukusikii. Jaribu tena."

Naliaka akazishika moja moja. Kuna ambazo mtu alikuwa amezikatalia kutumia maiki. Akaingia kwenye mipangilio akaziruhusu. Kuna ambazo kitundu cha maiki kilijaa makombo ya mandazi; akakisafisha kwa mswaki mkavu. Lakini nyingi ziliharibiwa na mapenzi ya akina mama. Si unatujua sisi wanawake wa huku? Hatuwezi kuona kitu cha bei bila kukifumia kitambaa. Kochi limefunikwa, televisheni imefunikwa. Basi wazazi walikuwa wamezifumia tableti kava za uzi, ua jekundu kila pembe, na ua moja limekalia maiki sawasawa. Naliaka akayakata yale maua kwa makasi, na maneno ya akina mama akayameza.

Zote zikasikia. Ikabaki ya Mitchell.

Mitchell ni msichana wa Gredi ya Tatu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Akisoma, midomo inacheza lakini tableti haisikii kitu. Fundi aliye Ruiru akapigiwa simu, akasema zima uwashe. Ikazimwa, ikawashwa. Wapi! Na mwalimu mkuu, Bwana Gachanja, alikuwa ameshatangaza kwamba asiyekuwa na alama kufikia Ijumaa, muhula ujao atakaa na Gredi ya Kwanza aanze a-e-i-o-u.

"Mwache aende," nikamwambia Naliaka. "Labda hajui kusoma."

"Mwalimu Wangechi, usiniudhi. Mtoto harudishwi nyuma kwa sababu ya maiki."

Akachukua ile tableti akasoma yeye mwenyewe. Ikamsikia. Akampa Mitchell tableti ya mwenzake. Haikumsikia. Akapiga magoti, akaweka sikio karibu kabisa na mdomo wa mtoto.

"Soma tena, mama."

Nilikuwa mlangoni, nikaona uso wake ukibadilika. Mtoto alikuwa anasoma hadithi yote, haruki hata neno, ila kwa mnong'ono usiofika dawati la pili.

"Mbona husemi kwa nguvu?"

"Nyumbani mama huwa amelala," Mitchell akanong'ona.

Masomo yalipoisha tukamfuata kwao. Chumba kimoja, pazia katikati. Mama yake hufanya kazi ya usiku Eneo la Viwanda, kwenye kiwanda cha kupakia nanasi mikebeni. Anaingia asubuhi mtoto akitoka. Mtoto akirudi, mama yuko nyuma ya pazia. Mitchell alitufungulia mlango na kidole mdomoni. Sufuria aliiweka juu ya kitambaa ili isilie. Woiye, nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mama Mitchell aliamka, akatukaribisha, na Naliaka hakupindisha maneno.

"Mama Mitchell, mtoto wako anasoma kushinda darasa lote. Lakini hasikiki. Asiposikika Ijumaa, anarudishwa kwa watoto wadogo."

Mama akakaa kitandani. "Ni mimi nilimwambia asipige kelele," akasema. "Alikuwa mdogo sana. Sikujua bado anafuata." Kisha akasema, "Nitakuja."

Siku zilizobaki, Naliaka alimtoa Mitchell uwanjani kila mapumziko. Mtoto kwenye goli hili, mwalimu kwenye goli lile. "Sijasikia! Rudia!" Upepo unabeba sauti, anarudia. Walimu wakacheka, wakasema huyu Mluhya anafundisha mtoto kuuza nyanya. Naliaka akawajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaendelea kupiga kelele. Alhamisi nikiwa jikoni kwa chai nikasikia sentensi nzima.

Ijumaa mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na gambuti zake na wavu wa nywele, akakaa dawati la nyuma. Bwana Gachanja akasimama karibu na ubao, mikono kifuani. Mitchell akaanza vizuri. Halafu akageuka kumtafuta mama, akamwona amelaza kichwa juu ya dawati, macho yamefungwa. Sauti ikazama. Kwenye kioo: "Hatukusikii. Jaribu tena."

Haiya! Gachanja akakohoa, akaangalia saa.

"Sijalala, nyathina, mtoto wangu," mama akasema bila kufungua macho. "Ongeza sauti."

Mitchell akavuta pumzi, akasoma. Wanafunzi wangu wakaacha kuhesabu, wakasikiliza kupitia mabati. Alimaliza ukurasa wa mwisho, nyota zikajaa kioo kizima, na Gachanja mwenyewe akapiga makofi. Naliaka alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wenye chaki.

"Naweza kusoma ingine?" Mitchell akauliza, kwa sauti ile ile kubwa.

Tukageuka sote. Mama Mitchell sasa alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, anakoroma. Mtoto akamwangalia, akainua kidole mdomoni kwa mazoea. Halafu akakishusha. Akafungua hadithi ya pili, akaisoma yote kwa sauti ya kufika goli lile lingine, na mama yake hakushtuka hata kidogo.