Mbwa Koko Kwenye Mtihani wa Kondoo

Mbwa wangu alikuwa koko, rangi ya vumbi la Kisongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na nilisema atachunga kondoo. Watu walicheka. Wacheke, meno ni yao. Kwetu kazi ya mbwa ni kubweka fisi akisogea. Kondoo huchungwa na mtu mwenye fimbo. Lakini kwenye shamba moja kubwa karibu na kiwanja cha ndege nilikuwa nimeona mbwa wa kigeni akizungusha kundi zima kwa amri ya mtu aliyesimama tu, mikono nyuma. Nikajiuliza: yule ana miguu minne, kwani wangu ana mingapi?

Shida ilikuwa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwenye zizi. Mbwa wangu akiwa bado mdogo aliwahi kumng'ata mwanakondoo sikio, damu ikatoka. Shemeji alileta kamba palepale.

"Mbwa akishaonja damu ya kondoo hafundishiki," alisema. "Dawa yake ni hii."

Nilimkumbatia mbwa nikasema thubutu. Tulivutana mpaka mama mkwe akaingilia, tukapatana. Pale shambani kila mwaka hupimwa mbwa wa kuchunga, na wanaofaulu ndio wanaoingia mashindano. Wangu akifaulu, ataishi. Akifeli, kamba.

Nikaanza kazi. Mwenye shamba, mama mmoja mtu mzima, mkali kama pilipili, alinionyesha mwanzo: mbwa apitie nyuma ya kundi, asikimbilie vichwa, akiambiwa alale, alale. Yeye alitumia mluzi. Nami nikaujaribu, weee! Kwetu kondoo wakifika majini tunawapigia mluzi mwembamba ili watulie, wanywe washibe. Kila nilipomwamuru mbwa kwa mluzi, kondoo wote walisimama, wakainamisha vichwa, wakatafuta maji kwenye vumbi. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Nikaacha mluzi, nikatumia mdomo. Zunguka! Lala! Taratibu! Sauti ilinikauka. Siku mbwa alipolala kwa neno moja, kondoo wakipita karibu na pua yake, nililia, na sioni aibu kusema.

Siku ya mtihani shemeji alikuja na kamba yake. Nilimwamkia shikamoo kama adabu inavyotaka, akaitikia akitazama pembeni. Kondoo wa mtihani walikuwa wameazimwa kutoka kwa majirani zetu. Mbwa wangu aliwazunguka vizuri, akawaleta, akawapitisha kwenye uwazi wa uzio, mpaka mlangoni mwa kizizi walipotakiwa kuingia. Hapo kondoo jike mmoja akageuka, akamtwanga mbwa kichwa cha mbavu. Akarudia. Mbwa akafunua meno.

"Lala!" nilipiga kelele.

Akalala, mwili wote unatetemeka, na yule kondoo anarudi nyuma kuvuta kasi kwa pigo jingine. Mdomo wangu ukafanya kile mama yangu alichonifundisha kabla sijajua kusoma: ukapiga mluzi.

Kondoo wote wakatulia, hata yule mkorofi. Wakainamisha vichwa, wakaingia kizizini polepole wakinusa chini, wanatafuta maji. Watu walivunjika mbavu. Mwamuzi akanyanyua kibendera: kondoo wanatakiwa kuongozwa na mbwa, na mimi nimewatuliza mwenyewe. Tumefeli. Kwa sheria zake alikuwa sahihi, nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kondoo akimpiga tena mbwa wangu, nitapiga mluzi tena.

Tulipofika nyumbani shemeji alisimama mlangoni mwa zizi, kamba mkononi.

"Shemeji, asiyekubali kushindwa si mshindani," aliniambia.

"Kushindwa nimekubali. Kuua sijakubali."

"Tulipatana."

"Amepigwa mbavu mbele ya macho yako. Uliona jino lake likimgusa kondoo?"

"Tulipatana afaulu," alisema, akasogea.

Hasira iliyonipanda, sijui nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote ile. Kwetu mwanamke akiolewa hupewa mifugo yake, na hakuna mwanamume wa kuigusa bila ruhusa yake. Kondoo wangu walikuwa mle zizini, wamechanganyika na wa shemeji, na tangu nifiwe kila mtu aliwaita wote wa shemeji. Nikampita, nikafungua mlango. Niliwatoa wangu mmoja mmoja kwa mkono, na mbwa akawazuia nje wasirudi kwa wenzao. Ukitaka kujua ugumu wa kazi hiyo, jaribu kumtenga kondoo na kundi lake. Shemeji alibaki ameshika kamba, ananitazama nikichagua.

"Unawapeleka wapi?"

"Ng'ambo ya korongo, kwenye shamba aliloniachia marehemu."

"Hakuna zizi kule. Fisi watawamaliza."

"Nitakata miiba nijenge. Na fisi watamkuta mbwa."

"Utarudi tu," alisema. "Hata mvua hazitakukuta huko."

"Taratibu," nilimwambia mbwa. Akawateremsha kondoo wangu korongoni bila kumgusa hata mmoja, nami nikafuata nyuma yao. Mvua zimenyesha, zimekatika, zimenyesha tena. Sijarudi.