Ubani wa Mama Unamkausha Nimpendaye

Admin, nifiche vizuri, maana Maskati ni ndogo na sisi Waswahili wa huku tukihesabiana hatukosi kuwa ndugu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, nasoma chuo, naishi Mabela kwa wazazi wangu. Wazee wetu walitoka Unguja. Mwenzangu nitamwita Mwende, si jina lake.

Mwende ana miaka ishirini na mbili, ni Mkenya, anafanya kazi kwenye mkahawa mmoja Khuwair ya Kusini. Nampenda. Si urafiki wa kuazimana mitandio, nampenda penzi la kutaka nizeeke naye. Ndiyo, mwanamke mwenzangu. Mkimaliza kushtuka endeleeni kusoma, maana hilo silo lililonileta hapa.

Siku ya kwanza aliniletea glasi ya maji. Vidole vyetu viligusana, maji yakakauka mbele ya macho yetu, ndani ya glasi likabaki vumbi jeupe. Hatukupiga kelele. Tulitazamana, na sote wawili tukakumbuka. Zamani sana, kabla watu wa milima hii hawajamjua Mwenyezi Mungu, walikuwa wakituabudu sisi. Yeye alikuwa chemchemi yao. Mimi nilikuwa ukame, na walinichomea ubani, sadaka yangu, nishibe nisiwasogelee. Nilimpenda, nikamkumbatia, nikamkausha mpaka tone la mwisho. Tangu hapo tunazaliwa tena, tunakutana tena, na kila mara mimi ndiye ninayemmaliza. Mpaka sasa tumekumbuka maisha matatu.

Msinianzie na shirki. Naswali, nafunga, najua hakuna apasaye kuabudiwa ila Yeye. Sijiiti mungu. Nasema tuliitwa, na nguvu ile ya zamani imenirudia bila kuniuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kukaa siku kumi kwa shangazi yangu. Ana pumu, kwake ubani hauchomwi. Siku zile nilikaa na Mwende garini, nikamshika mkono saa nzima, asikauke hata ukucha. Nililia kwa furaha mpaka akanicheka. Alhamisi nikarudi nyumbani, mama akafukiza nyumba nzima kama kawaida yake, pamoja na nguo zangu. Kesho yake nilimgusa Mwende shavu tu. Midomo ikampasuka, macho yakamwingia ndani, akaanguka. Alilazwa siku mbili ametundikiwa dripu. Daktari akasema ni joto. Joto gani, na AC ilikuwa ikivuma?

Ndipo nikaelewa kwamba ubani ndio chakula changu, na anayenilisha ni mama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo humo kwelikweli, kila nikivaa nakinusa.

Mama naye haoni hivyo. Anaona mwanawe amekonda, anashtuka usingizini, na mirehani yake ya dirishani imekauka yote. Akasema nimepatwa na hasad, jicho la watu, au nimeingiliwa na jini. Sasa anafukiza asubuhi na jioni, na ameagiza ubani mzuri kutoka Salala, anauroweka, ananinywesha maji yake. Nilijaribu kukataa.

"Mama, basi tena. Unaniumiza kichwa."

"Hasemi mwanangu huyo, mimi nnakujua. Anayeukataa ubani ni huyo aliyemo ndani. Yallah, bismillah, kunywa."

Nikanywa. Ningefanyaje, na kila ninavyokataa ndivyo anavyozidi kuamini? Na tangu nianze kunywa nimenawiri, ngozi inang'aa, mama anafurahi, anasema umeona, uso umekunjuka. Hajui kwamba maji ya udhu yanakauka viganjani kabla sijayafikisha usoni. Natayamamu kama niko jangwani, ndani ya nyumba yenye mabomba matano.

Juzi mama akasikia kwamba rafiki yangu alilazwa. Mama yangu ana huruma, na hilo ndilo linaloniua. "Maskini, hana mama huku. Mlete Ijumaa ale na sisi, na yeye tumfukize." Nikampigia Mwende, nikamweleza habari yote ya ubani, nikamwomba asije.

"Miaka miwili niko hii nchi, hakuna mtu amewahi niita kwao," akasema. "Mimi nitakuja."

"Utakufa, Mwende."

"Kwani nikikaa mbali na wewe ndio nitakuwa naishi?"

Sasa nimebaki katikati. Nikimwambia mama aache ubani ataniuliza kwa nini, na jibu lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni huo ukame wangu; atamwita shekhe, hilo nitalivumilia. Nusu ya pili ni kwamba namgusa Mwende kwa sababu nampenda, na hapo sijui kama nitabaki na mama. Njia nyingine ni kumdanganya Mwende, nimwambie simtaki, nilikuwa nikimchezea. Atanichukia, lakini atakuwa hai. Katika maisha yote matatu tunayoyakumbuka, hakuna hata mara moja niliyokubali kumwacha aende. Naogopa, jamani. Naogopa kwamba hata mara hii ninatafuta tu kisingizio cha kumshika.

Leo ni Jumatano. Mama amekwishakisugua chetezo chake cha kufukizia kwa ndimu na majivu, kinang'aa, amekiweka mezani sebuleni kumngojea mgeni. Sasa hivi amenifungulia mlango wa chumba, amechangamka kama wa kualikwa harusini.

"Hebu muulize mwenzio, anapenda biriani au wali wa nazi?"

Nimeshika simu, Mwende yuko hewani, anaona kwamba naandika na kufuta. Mama bado amesimama mlangoni anasubiri jibu. Ninyi mlio wengi humu, nisaidieni kabla sijabonyeza. Nimwandikie nini?